Kitanda cha Angani kwa Mkutano wa Siku Moja: Uwakili wa Fedha Isiyo Yetu

Mwishoni mwa mwezi Juni 2025, mjini Seville nchini Hispania, wakati wa Mkutano wa Nne wa Kimataifa kuhusu Ufadhili wa Maendeleo, mataifa kadhaa yakiwemo Ufaransa, Hispania, Barbados na Kenya yalitangaza muungano wenye lengo la kuwatoza kodi abiria wa madaraja ya juu ya ndege pamoja na watumiaji wa ndege binafsi. Fedha itakayopatikana inakusudiwa kusaidia maendeleo na juhudi za kukabiliana na athari za mabadiliko ya tabianchi. Ni habari ambayo msomaji wetu angeweza kuipita haraka, akidhani kwamba mambo ya daraja la biashara ni ya watu wa mbali wasiohusiana naye. Sisi tunaona kwamba inamhusu, tena kwa karibu, kwa sababu wengi wanaokaa katika viti hivyo hawakuvilipia kutoka mifukoni mwao. Wamelipiwa na kampuni, na serikali, na mashirika ya kimataifa, na hata na taasisi za huduma na hisani ambazo fedha yake ilianza kama kodi ya mwananchi au sadaka ya mwamini.

Ili tusizungumze kwa jumla mno, tutaitazama safari moja inayofaa kuwa kielelezo cha nyingine nyingi: safari fupi ya kikazi ya kuvuka Bahari ya Atlantiki kati ya London na New York, kwenda kuhudhuria mkutano wa siku moja au mbili na kurudi. Tunataka kuonesha kwamba swali la msingi halihusu starehe ya kiti. Linahusu uamuzi unaotangulia ununuzi wa tiketi; na kodi iliyopendekezwa Seville, pamoja na uzuri wake, haiwezi kuuchukua uamuzi huo kwa niaba yetu.

Usiku uliofupishwa

Kati ya London na New York kuna takriban kilomita 5,500. Ndege inayoelekea magharibi hupambana na upepo wa anga za juu unaovuma kutoka magharibi, nayo hutumia kama saa saba na nusu hadi nane. Inayorudi mashariki husukumwa na upepo uleule, ikatumia saa sita na nusu hivi. Mwezi Februari 2020, wakati wa dhoruba, ndege moja ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56. Tofauti ya majira kati ya miji hiyo miwili ni saa tano kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Ndege nyingi zinazorudi Ulaya huondoka New York jioni au usiku na kutua asubuhi. Abiria anayeondoka saa mbili usiku atatua London mnamo saa moja na nusu asubuhi kwa saa za huko, ilhali mwili wake bado unaamini kwamba ni saa nane na nusu za usiku. Ukiondoa muda wa kupaa, wa kula na wa kujiandaa kutua, zimebaki saa nne za usingizi, pengine pungufu. Katika daraja la kawaida atazitumia akiwa amekaa wima, magoti yakigusa kiti cha mbele. Katika daraja la biashara atajinyosha juu ya kitanda chenye urefu wa karibu mita mbili, shuka ikiwa juu yake.

Tofauti hiyo ni ya kweli, wala hatutaki kuidharau. Mtu asiyelala hukosea, hukasirika upesi, husaini asichokisoma. Hata hivyo, kitanda hakiondoi uchovu wote wa safari ya namna hii. Saa ya ndani ya mwili hujirekebisha taratibu, kwa kadiri ya saa moja hivi kwa siku, na kuelekea mashariki ni kugumu zaidi kuliko kuelekea magharibi. Anayevuka majira matano kwa siku mbili na kurudi hampi mwili wake nafasi ya kuyazoea. Anaondoka kabla hajafika, kwa maana hiyo ya mwili. Na kitanda alichonunuliwa kimemwezesha tu kuivumilia ratiba ambayo, bila kitanda hicho, mtu mwenye busara angeikataa.

Jinsi kitanda kilivyofika angani

Mwezi Juni 1919, marubani wawili wa Uingereza, John Alcock na Arthur Brown, waliivuka Atlantiki bila kutua, kutoka Newfoundland hadi Ireland, kwa muda wa kama saa 16, wakiwa wazi kwa baridi na mvua. Miaka chini ya sitini baadaye, mwezi Septemba 1977, Freddie Laker alianzisha safari zake za nauli nafuu kati ya London na New York, na watu wa kipato cha kawaida wakaanza kuivuka bahari ileile kwa wingi. Mashirika makubwa yalijibu kwa kushusha baadhi ya nauli zao. Ndipo likatokea lalamiko ambalo halikutarajiwa: wafanyabiashara waliokuwa wakilipa nauli kamili walijikuta wameketi bega kwa bega na watalii waliolipa sehemu ndogo tu ya nauli hiyo. Kwa ajili yao mashirika kama Pan Am na British Airways, mwishoni mwa miaka ya 1970, yalitenga sehemu yao ya pekee. Daraja la biashara, kwa hiyo, lilianza kama pazia baina ya abiria na abiria. Kitanda kilikuja baadaye.

Mwaka 2000, British Airways ilileta katika daraja hilo kiti kinacholala sawasawa na kuwa kitanda kamili, jambo ambalo kabla ya hapo lilikuwa la daraja la kwanza. Mashirika mengine yalifuata. Wakati huohuo Concorde, ndege iliyokwenda kasi kuliko sauti na kuivuka Atlantiki kwa kama saa tatu na nusu, iliacha kazi mwaka 2003. Ushindani wa kufupisha safari ukageuka kuwa ushindani wa kuilala.

Majaribio yaliyofuata yanatufundisha mengi. Mashirika matatu yaliyotegemea abiria wa madaraja ya juu peke yao kati ya London na Marekani, yaani MAXjet, Eos na Silverjet, yalifunga shughuli moja baada ya jingine kati ya Desemba 2007 na Mei 2008, mafuta yalipopanda bei na uchumi ulipoanza kuyumba. Mwaka 2009 British Airways ilianza kurusha ndege ndogo ya Airbus A318 yenye viti 32 tu kutoka uwanja wa London City, ulio karibu na mabenki. Kwa kuwa njia ya kurukia ya uwanja huo ni fupi, ndege haikuweza kupaa na mafuta ya kutosha kuvuka bahari. Ililazimika kutua Shannon, Ireland, kujaza mafuta, na abiria wakatumia nafasi hiyo kukamilisha taratibu za uhamiaji za Marekani. Ndege iliyoundwa kubeba watu zaidi ya mia moja iliwabeba 32, ili mtu wa benki aokoe muda wa kwenda uwanja wa mbali. Huduma hiyo ilikoma mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19.

Historia hii yatuambia kwamba soko la viti hivi husimama na kuanguka pamoja na bajeti za ofisi. Mwajiri akifungua mkoba, viti hujaa. Akiufunga, mashirika hufa. Ni soko ambalo mnunuzi wake halisi haonekani ndani ya ndege.

Anayechagua si anayelipa

Katika maisha ya kawaida, anayenunua kitu huipima bei kwa jasho lake. Mama anayenunua unga sokoni anajua kilo moja ni vibarua vingapi. Katika safari ya kikazi mizani hiyo hupotea. Anayesafiri ndiye anayefurahia kitanda. Anayelipa ni mwingine, na mara nyingi mwingine huyo hana sura: ni idara, ni mradi, ni mfadhili. Tiketi ya daraja la biashara kuvuka Atlantiki huweza kuuzwa mara kadhaa ya bei ya tiketi ya kawaida, na inaponunuliwa siku chache kabla ya safari tofauti huwa kubwa zaidi. Lakini anayeamua alale au aketi hahisi tofauti hiyo popote.

Mashirika ya ndege yaliutambua udhaifu huu mapema. Mwaka 1981, American Airlines ilianzisha mpango wa kuwatunuku abiria wake wa mara kwa mara kwa kadiri ya maili walizosafiri, na wengine wakaiga. Kwa mtu anayejilipia, mpango huo ni punguzo la bei. Kwa mtu anayelipiwa na mwajiri, mwajiri hutoa fedha, msafiri hupokea zawadi. Kadiri tiketi inavyokuwa ghali, ndivyo zawadi inavyoongezeka. Mtumishi mwaminifu hujikuta amewekewa kishawishi kila anapojaza fomu ya safari.

Pande mbili za Atlantiki zililijibu jambo hili kwa namna tofauti. Nchini Marekani, maili zilizopatikana kwa safari za serikali zilihesabiwa kuwa mali ya serikali hadi mwishoni mwa mwaka 2001, sheria ilipobadilishwa ikawaruhusu watumishi wa serikali kuu kuzitumia kwa mambo yao binafsi. Nchini Ujerumani, miezi michache tu baadaye, mwaka 2002, kulizuka mjadala mkali ilipobainika kwamba baadhi ya wabunge walitumia kwa safari zao binafsi maili walizozipata katika safari za bunge. Gregor Gysi, aliyekuwa wakati huo msimamizi wa masuala ya uchumi katika serikali ya jimbo la Berlin, alijiuzulu wadhifa wake kwa sababu hiyo. Wapo waliosema alijiuzulu kwa jambo dogo. Sisi tunaona kwamba dogo lilikuwa lile alilolitumia, si lile alilolikiri: kwamba faida inayozaliwa na fedha ya umma inabaki kuwa ya umma.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo: kila tiketi ina stakabadhi na kila masurufu yana marejesho. Kinachokosekana ni mtu wa kuuliza swali ambalo stakabadhi haiwezi kulijibu: je, safari hii ilikuwa ya lazima?

Nafasi hugeuka kuwa moshi

Ipo gharama nyingine isiyoandikwa kwenye stakabadhi. Ndege huteketeza mafuta kwa kuubeba uzito wake wote, na mzigo huo hugawanywa kati ya abiria kwa kadiri ya nafasi wanayoichukua. Katika ndege kubwa ya Boeing 777, upana unaobeba viti kumi vya daraja la kawaida katika mashirika mengi hubeba vinne tu vya daraja la biashara vya kisasa; na kwa kuwa kila kimoja hujinyosha kuwa kitanda, nafasi ya mbele na nyuma nayo huongezeka. Watafiti wa Benki ya Dunia, katika uchambuzi wao wa mwaka 2013, walikadiria kwamba abiria wa daraja la biashara husababisha uchafuzi wa hewa takriban mara tatu ya abiria wa daraja la kawaida, na wa daraja la kwanza hadi mara tisa.

Safari ya kwenda na kurudi kati ya London na New York, katika kiti cha kawaida, huzalisha zaidi ya nusu tani ya hewa ya ukaa kwa kila abiria. Mtanzania wa kawaida, kwa wastani wa taifa, hazalishi kiasi hicho kwa matumizi ya mafuta na makaa ya mawe katika mwaka mzima. Zidisha mara tatu, nawe utaona kwamba mkutano mmoja wa siku moja, kwa mtu mmoja aliyelala angani, umezidi miaka kadhaa ya maisha ya mkulima wa Dodoma au Singida. Tena makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionesha kuwa asilimia 1 tu ya watu wote duniani ndiyo inayosababisha nusu ya hewa ya ukaa itokanayo na safari za ndege za abiria, na kwamba katika mwaka 2018 ni kama asilimia 11 tu ya wanadamu waliopanda ndege.

Usafiri wa anga ni sehemu ndogo ya tatizo zima: kama asilimia 2.5 ya hewa ya ukaa inayotokana na matumizi ya nishati duniani. Kwa hiyo haitakuwa haki kumtwika abiria mmoja lawama ya ukame. Lakini haki inatudai tuseme nani anafaidi na nani anaumia. Kati ya mwaka 2020 na mapema 2023, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika Pembe ya Afrika, na jamii za wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, kusini mwa Ethiopia na Somalia zikapoteza mifugo yao kwa mamilioni. Wanasayansi waliouchunguza ukame huo walieleza mwaka 2023 kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wake takriban mara mia moja. Mfugaji huyo hajawahi kulala angani. Baba Mtakatifu Francisko, katika waraka wake “Laudate Deum” wa Oktoba 2023, aliikumbusha dunia kwamba uchafuzi wa hewa kwa kila mtu nchini Marekani ni takriban mara saba ya wastani wa nchi maskini zaidi. Safari tunayoizungumzia ni tone katika tofauti hiyo, lakini ni tone linalomwagwa kwa hiari na kwa saini ya mtu.

Hoja za upande wa pili

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Zipo hoja nzito za kulitetea daraja la biashara, na anayezipuuza hatasikilizwa na wale anaotaka kuwageuza.

Hoja ya kwanza ni afya na umri. Shirika la Afya Duniani, katika utafiti wake uliotolewa mwaka 2007, lilieleza kwamba kukaa bila kujongea kwa saa nne au zaidi, iwe kwenye ndege, basi au treni, huongeza takriban maradufu hatari ya damu kuganda katika mishipa, ingawa hatari yenyewe hubaki ndogo: kama mtu mmoja katika elfu sita. Mzee wa miaka sabini, mgonjwa wa mgongo, mama mjamzito na mtu mwenye ulemavu wana sababu za kweli. Kumnyima mtu wa namna hiyo nafasi ya kujinyosha kwa jina la kubana matumizi ni kugeuza fadhila kuwa ukatili.

Hoja ya pili ni urefu wa safari. Tangu Oktoba 2018, Kenya Airways imekuwa ikiruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, safari ya kama saa 15 inayokatiza Afrika na kisha Atlantiki. Anayetoka kwetu kwenda Umoja wa Mataifa au Benki ya Dunia anabeba mzigo mkubwa kuliko wa jirani yake wa London, na mara nyingi anakwenda kusema juu ya maskini mbele ya watu waliolala vema vitandani mwao. Akifika amechoka, wanaoumia ni wale anaowasemea.

Hoja hii imezaa kanuni ambazo tunaziona kuwa za busara. Umoja wa Mataifa, kwa maelekezo yake ya utawala ya mwaka 2013, uliweka kigezo cha saa tisa kwa safari isiyo na vituo ndipo mtumishi wa kawaida astahili daraja la biashara. Serikali ya Marekani iliweka kigezo cha safari inayozidi saa 14, kwa mtumishi anayetakiwa kuingia kazini mara tu baada ya kufika. Na ikaongeza sharti la maana sana: anayepewa kitanda ndani ya ndege hapewi tena siku ya kupumzika afikapo. Msomaji ataona kwamba kwa vigezo vyote viwili, safari ya London na New York haistahili. Ataona pia kwamba sharti hilo la Marekani limeitaja bei ya kweli ya kitanda: ni mbadala wa siku moja ya mapumziko. Usiku mmoja wa ziada katika nyumba ya wageni au hoteli ya kiasi huweza kugharimu sehemu ndogo tu ya tofauti ya nauli, nao humpa msafiri kile ambacho kitanda cha angani hakiwezi kumpa, yaani muda.

Katika bara letu, wakati mwingine kanuni zimekuja kwa amri ya ghafla. Rais John Magufuli wa Tanzania, mara baada ya kuingia madarakani mwaka 2015, alizuia safari za nje za watumishi wa umma zisizo na kibali, na tiketi za madaraja ya juu zikaachwa kwa viongozi wakuu wachache. Rais Lazarus Chakwera wa Malawi, mwezi Novemba 2023, alisitisha kwa muda safari za nje zake mwenyewe na za mawaziri wake, baada ya thamani ya kwacha kushushwa kwa zaidi ya asilimia 40. Amri hizo zilipokewa kwa furaha na wananchi wengi. Udhaifu wa amri ni kwamba hutegemea aliyeitoa: akiondoka au hali ikitulia, tabia ya zamani hurudi kwa sababu hakuna aliyefundishwa kuuliza. Isitoshe, nchi ndogo isiyohudhuria meza ya mazungumzo huandikiwa masharti na wengine.

Hoja ya tatu ni ya mashirika yenyewe: kwamba abiria wa mbele ndio wanaoiwezesha ndege kuruka, na nauli zao hupunguza mzigo wa abiria wa nyuma. Kuna ukweli ndani yake, kwa maana abiria wachache wa mbele huleta sehemu kubwa ya mapato. Lakini mwenye kukabidhiwa fedha ya shule au ya zahanati hakukabidhiwa ili ailipie nusu nauli abiria asiyemjua.

Siku moja ya Oktoba 1965

Ipo safari moja fupi ya kuvuka Atlantiki ambayo Kanisa linaikumbuka kwa heshima. Tarehe 4 Oktoba 1965, Mtakatifu Paulo VI alisafiri kutoka Roma hadi New York, akawa Papa wa kwanza kukanyaga ardhi ya Amerika akiwa madarakani. Katika siku hiyo moja alikutana na Rais Lyndon Johnson, akalihutubia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa akiwasihi viongozi waachane na vita kabisa, akaadhimisha Misa Takatifu katika uwanja wa Yankee, na usiku uleule akaanza safari ya kurudi. Roma alikokuwa akirejea, Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulikuwa katika kikao chake cha mwisho, na Mababa wa Mtaguso walikuwa wakimsubiri.

Hatuitaji safari hiyo ili kila mwenye tiketi ajilinganishe na Papa. Tunaitaja kwa sababu inatuonesha safari fupi inapohesabiwa haki. Kulikuwa na neno lililohitaji kusemwa ana kwa ana, mbele ya mataifa yaliyokusanyika, miaka ishirini tu baada ya vita kuu. Kulikuwa na kazi nyumbani isiyoweza kungoja. Barua isingetosha, wala redio. Uwepo wake ulikuwa ndio ujumbe wenyewe.

Sasa tujiulize kwa unyofu: ni mikutano mingapi ya siku moja ng'ambo ya bahari ina uzito wa namna hiyo? Kipindi cha UVIKO-19 kilitufundisha kwamba taarifa za robo mwaka, mapitio ya bajeti na semina za utangulizi huweza kufanyika kwa njia ya video, hata pale mtandao unaposuasua. Kilitufundisha pia kwamba kuna mambo yasiyopitika kwenye kioo: kupatanisha waliogombana, kujenga imani ya mwanzo kati ya wageni, kuketi na waliofiwa. Somo hilo lililipiwa kwa gharama kubwa. Itakuwa hasara kulisahau kwa sababu tu viwanja vya ndege vimefunguliwa tena.

Maswali kabla ya tiketi

Kodi ya Seville, tunaiunga mkono. Haianzi kutoka sifuri: tangu mwaka 2006 Ufaransa imekuwa ikitoza mchango wa mshikamano katika tiketi za ndege, na ulipoanza, abiria wa madaraja ya juu walitozwa mara kumi ya wale wa daraja la kawaida. Fedha hiyo ilisaidia kuanzisha na kuendesha Unitaid, chombo ambacho kimegharimia dawa na vipimo vya UKIMWI, kifua kikuu na malaria, zikiwemo dawa za watoto katika nchi zetu. Kwa hiyo si ndoto kusema kwamba kiti cha mbele chaweza kumnunulia mtoto dawa.

Hata hivyo kodi ina kikomo chake. Kama anayeamua si anayelipa, kodi nayo italipwa na huyohuyo asiye na sura, na msafiri atalala kama kawaida. Ndiyo maana tunapendekeza kwa taasisi zetu zote, za serikali, za kiraia na za Kanisa, kuanzia halmashauri hadi idara za jimbo na mashirika yanayopokea misaada kutoka ng'ambo, zijiwekee kwa maandishi mambo manne.

Kwanza, kila ombi la safari ya ng'ambo lieleze ni kitu gani hakiwezi kufanyika bila mtu kuwepo. Pili, safari inayokubaliwa ipewe siku za kutosha: afadhali moja ya juma zima inayokusanya kazi tatu kuliko tatu za siku mbili mbili, na usiku wa kupumzika uhesabiwe kuwa sehemu ya kazi. Tatu, daraja la kiti liamuliwe kwa urefu wa safari, afya na umri, kamwe lisiamuliwe kwa cheo; ili dereva mgonjwa anayepelekwa kwenye mafunzo apate kile anachokihitaji, na mkurugenzi mwenye afya njema akae na wenzake. Nne, maili na zawadi zinazotokana na safari za kazi zitumike kununulia safari nyingine za kazi, na gharama za safari zote zisomwe hadharani kila mwaka mbele ya wale waliozichangia.

Pendekezo hilo la mwisho ndilo jepesi zaidi kulitekeleza na ndilo litakaloleta mabadiliko makubwa. Katika jumuiya zetu ndogondogo tumezoea kusoma hesabu ya sadaka mbele ya wote, hadi shilingi ya mwisho, na hakuna anayeona ni udhalilishaji. Msafiri anayejua kwamba tiketi yake itasomwa kwa sauti mbele ya mama aliyeuza kuku ili atoe mchango wake, atajua mwenyewe, bila amri ya mtu, ni safari ipi ya kuikubali na ni kiti kipi cha kukiomba.